Duka la Kijijini, Deni la Jimbo: Abraham Lincoln Kabla ya Urais

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wenye maduka, na ninyi wanafunzi mliotoka shuleni moja kwa moja kuja hapa, nawasalimu nyote.

Mliniomba nizungumze juu ya mfanyabiashara wa mji mdogo, wa karne ya 19, aliyeingia bungeni. Nimemchagua Abraham Lincoln. Najua wengi wenu mnamfahamu kama rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na picha zake zenye ndevu mmeziona vitabuni. Urais wake jioni hii nauweka kando. Nataka tukae na kijana asiye na ndevu, wa kati ya miaka 22 na 33, aliyefungua duka katika kijiji cha New Salem, jimbo la Illinois, duka likamfia mikononi, kisha wanakijiji wakamchagua mbunge wa jimbo huku madeni ya duka lile yakiwa bado shingoni mwake. Akiwa bungeni alishiriki kuliingiza jimbo zima katika deni kubwa kuliko uwezo wake. Naamini miaka ile kumi ya maisha yake haieleweki mpaka mtu afuate deni: jinsi lilivyoingia, alivyoishi nalo, na alivyofanya wadai walipobisha hodi.

Nitategemea zaidi yale yaliyoandikwa wakati ule. Juu ya Lincoln muuza duka kuna hadithi nyingi tamu, kwamba alitembea maili kadhaa usiku kumrudishia mteja senti 6 alizomtoza zaidi, kwamba alipima majani ya chai pungufu akapeleka yaliyobaki. Huenda ni za kweli. Lakini nyingi zilisimuliwa baada ya yeye kuuawa, na watu waliotamani kuonekana walikuwa karibu naye. Leseni ya duka ipo, hati za madeni zipo, hesabu za kura zipo, kumbukumbu za bunge zipo. Hizo zinatosha, tena zinasema mambo mazito kuliko senti 6.

Nianze na kijiji. New Salem kilianza mwaka 1829 juu ya kilima kando ya mto Sangamon, pale James Rutledge na John Camron walipojenga ukuta wa kuzuia maji ya mto ili yazungushe kinu cha kusaga nafaka na kupasua mbao. Kinu huvuta watu. Mkulima aliyeleta mahindi yake alisubiri zamu, na mtu anayesubiri hununua: chumvi, sukari, kahawa, baruti, sahani, kitambaa, wiski. Kijiji kilipochangamka kabisa kilikuwa na familia kama 25 tu, pamoja na mhunzi, fundi viatu na fundi wa mapipa. Na kwa familia hizo pamoja na wakulima wa jirani kulikuwa na maduka matatu, wakati mwingine manne. Ninyi mnaouza dukani mmeshaona tatizo lilipo.

Lincoln alifika hapo kwa ajali. Aprili 1831 alikuwa miongoni mwa vijana walioajiriwa na mfanyabiashara Denton Offutt kupeleka shehena New Orleans kwa mashua pana ya mbao. Mashua ikakwama juu ya ukuta wa kinu cha New Salem, mbele ikining'inia hewani, nyuma ikiingiza maji. Wakapunguza mzigo, Lincoln akatoboa tundu sehemu ya mbele, maji yakatoka, ikavuka. Offutt alimpenda kijana huyu, akaamua kufungua duka palepale, na Lincoln aliporudi kutoka New Orleans akawa karani wake. Alishindana mieleka na Jack Armstrong, kiongozi wa vijana wakorofi wa Clary's Grove, wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Offutt alikuwa mtu wa mipango mingi kuliko fedha. Kufikia majira ya kuchipua ya 1832 duka lilikuwa limekwisha, na Offutt akaondoka akiwaacha waliomdai wakimtafuta.

Kabla duka halijafa kabisa, karani huyu wa miaka 23 alitangaza kugombea ubunge wa jimbo. Tangazo lake la Machi 1832 lilichapishwa katika gazeti la Springfield, na ninawaomba mlisikilize kwa makini, kwa sababu nitalirudia. Hakuzungumzia mambo makubwa ya taifa. Alizungumzia usafiri wa bidhaa. Wakati ule watu wa Sangamon walikuwa wakiota reli ya kutoka mto Illinois hadi Springfield, na gharama yake ilikisiwa kuwa dola 290,000. Lincoln aliwaambia kuwa reli ni kitu kizuri, ila kiasi hicho kikitajwa tu mtu anaona kwamba ni heri tuusafishe mto Sangamon upitike kwa mashua, kazi inayolingana na uwezo wetu mchanga. Hayo ni maneno ya muuza duka anayejua bei ya kubeba gunia la chumvi. Katika tangazo hilohilo alitaka sheria ya kuweka kikomo cha riba, maana watu walikuwa wakikamuliwa na wakopeshaji. Akamaliza kwa kusema kwamba hana ndugu tajiri wala mashuhuri wa kumpigia debe, na kwamba wananchi wakiona vema kumwacha nyuma, amezoea kukosa, hatavunjika moyo sana.

Mwezi huohuo stima iliyoitwa Talisman ilijaribu kupanda mto Sangamon. Lincoln alikuwa miongoni mwa vijana waliotangulia na mashoka kukata matawi yaliyoinamia mto. Stima ikafika karibu na Springfield, watu wakashangilia, magazeti yakaandika kwamba bahari imewafuata nyumbani. Kisha maji yakaanza kupungua. Lincoln na Rowan Herndon wakapewa kazi ya kuirudisha chini haraka, na ilipofika New Salem ikabidi sehemu ya ukuta wa kinu ibomolewe ipite. Haikurudi tena, na ndoto ya mto ilikwisha katika majuma machache tu.

Vita dhidi ya Black Hawk, kiongozi wa Wasauk, vilimtoa kijijini miezi mitatu. Wenzake walimchagua kapteni, na miaka mingi baadaye aliandika kwamba hakuna ushindi uliompa furaha kama ule. Hakupigana hata mara moja. Uchaguzi wa Agosti 1832 ulimkuta hajafanya kampeni ya kutosha: akawa wa 8 kati ya wagombea 13, kura 657. Lakini tazameni kituo cha New Salem. Kati ya kura 300 zilizopigwa pale, alipata 277. Mwaka mmoja tu tangu afike! Mkumbuke pia kwamba kura Illinois wakati ule ilipigwa kwa mdomo: mtu alisimama mbele ya karani akataja jina la anayemtaka, kila mtu akisikia. Waliomchagua walimchagua hadharani.

Sasa tufike kwenye duka lake mwenyewe.

Ndugu wawili wa ukoo wa Herndon walikuwa na duka New Salem. Mmoja aliuza sehemu yake kwa William Berry, mtoto wa mchungaji. Mwingine, Rowan, yule wa stima, akamuuzia Lincoln sehemu iliyobaki. Lincoln hakuwa na fedha, akatoa hati ya deni. Rowan alikubali kwa sababu alimwamini, na hapa kuna jambo ninalotaka tulitafakari, kwa sababu sisi tunaojua mali kauli tunaelewa kwamba mtaji wa kwanza wa muuza duka ni jina lake. Januari 1833 likatokea jingine. Vijana wa Clary's Grove walilivunja duka la Reuben Radford usiku, chupa na sahani chini, na Radford akakata tamaa. William Greene akainunua bidhaa yote kwa dola 400, kisha akawauzia Lincoln na Berry kwa bei ya juu zaidi, sehemu kubwa tena kwa hati. Wakawa na maduka mawili yaliyounganishwa kuwa moja, sehemu kubwa yake kwa mkopo.

Tarehe 6 Machi 1833 kaunti ya Sangamon ilitoa leseni kwa jina la Berry na Lincoln kuuza vinywaji na chakula. Hati hiyo ina bei alizopanga mwenye mamlaka: kifungua kinywa, chakula cha mchana au cha jioni senti 25, kulala usiku mmoja senti 12 na nusu, farasi kulazwa senti 25, wiski nusu painti senti 12 na nusu. Saini ya Lincoln katika dhamana ya leseni hiyo haikuandikwa kwa mkono wake. Wanahistoria wengi wanaona kwamba ni Berry aliyetaka kuuza kinywaji kwa vikombe, na Berry mwenyewe alikuwa mnywaji. Lincoln alikuwa anasoma. Alisoma amelala chini ya mti, akizungusha mwili kufuata kivuli. Nampenda sana kijana huyu msomaji, lakini nitasema ukweli mbele ya wafanyabiashara: mwenye duka mmoja anakunywa, mwingine anasoma, mteja anangoja. Duka hilo lisingepona hata kama kijiji kingekuwa na familia 100.

Mwaka 1860, alipoombwa aandike maisha yake kwa ufupi, Lincoln hakumlaumu Berry. Aliandika kwamba walizidi tu kuzama katika madeni, kisha duka likazimika.

Niweke neno la pembeni, kwa kuwa linatugusa. Tarehe 21 Septemba 1833, wakati duka hilo linayumba, Mmarekani Edmund Roberts alitia saini Muscat mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, na mwaka 1837 Richard Waters akafika Unguja akiwa konsuli wa Marekani. Huyu alitoka Salem ya Massachusetts, bandari kongwe, isichanganywe na kijiji chetu cha kilimani. Vitambaa vya merikani walivyovaa babu zetu kuanzia Pwani mpaka Tabora na Ujiji vilifumwa upande ule wa kaskazini mwa Marekani, na pamba yake ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Tukimsoma muuza vitambaa wa nchi ile na miaka ile, tusijidanganye kwamba yuko mbali nasi.

Narudi. Duka liliuzwa kwa ndugu wawili, akina Trent, nao wakatoa hati ya deni badala ya fedha. Inasimuliwa kwamba walitoweka kabla ya siku ya kulipa. Tarehe 10 Januari 1835 Berry akafariki bila kuacha mali ya kufidia sehemu yake. Kwa hiyo hati zote zikamgeukia mtu mmoja. Jumla ilikuwa kama dola 1,100. Yeye na marafiki zake waliliita deni la taifa. Tujaribu kuipima: mbunge wa jimbo wakati ule alilipwa dola 3 kwa siku, tena siku za kikao tu. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga ya Lincoln yalidumu zaidi ya miaka kumi.

Njia rahisi ilikuwepo, na ilijulikana. Nchi ilikuwa inapanuka kuelekea magharibi, na mdaiwa aliyeamka alfajiri akavuka mto Mississippi hakufuatwa na mtu. Offutt aliondoka, akina Trent waliondoka. Lincoln alibaki kijijini akawaambia wanaomdai kwamba atalipa kidogokidogo kadiri atakavyopata, wampe muda. Wengi wao walikubali.

Atapata wapi? Mei 1833 aliteuliwa posta masta wa New Salem. Chama kilichotawala hakikuwa chake, na yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba kazi ilikuwa ndogo mno hata siasa zake zisimzuie mtu. Enzi zile aliyepokea barua ndiye aliyelipa, senti 6 kwa karatasi moja iliyotoka karibu, hadi senti 25 kwa iliyotoka zaidi ya maili 400. Posta masta wetu aliweka barua ndani ya kofia yake akazipeleka mashambani alikokuwa anakwenda kwa shughuli nyingine. Na magazeti ya watu aliyasoma kabla ya wenyewe. Mwishoni mwa mwaka huo akapata kazi ya pili, msaidizi wa mpima ardhi wa kaunti. Hakuijua. Akatafuta dira na mnyororo wa kupimia, akasoma vitabu viwili vya upimaji, akaanza. Kazi hiyo, aliandika, ilimpatia mkate na kuuweka mwili na roho pamoja. Farasi wa kumbeba pia alimnunua kwa mkopo.

Na huyo farasi ndiye aliyekamatwa. Mdai mmoja, Peter Van Bergen, hakutaka kusubiri. Alikwenda mahakamani, akapata hukumu, na farasi, tandiko, hatamu na vyombo vya kupimia ardhi vya Lincoln vikapelekwa mnadani. Simlaumu Van Bergen. Alikuwa na hati mkononi na sheria upande wake. Lakini mnada ule ulimnyang'anya mdaiwa vifaa ambavyo kwavyo angelipa deni. Akajitokeza mkulima mmoja, James Short, akanunua vyote kwa dola 120 na kumrudishia Lincoln. Nimesoma habari nyingi za mtu huyu, za vita na za hotuba zake, na sijui kama kuna mahali ninapoguswa kuliko hapa. Hakuna aliyemlazimisha James Short. Lincoln alimlipa baadaye.

Sasa mnaona jinsi kura za 1834 zilivyopatikana. Mtu aliyesimama nyuma ya meza ya duka, aliyefikisha barua, aliyevuta mnyororo kwenye mipaka ya shamba la kila mtu, alijua nani amegombana na jirani yake na nani mwanawe mgonjwa. Agosti 4 alipata kura 1,376, wa pili kati ya wanne waliochaguliwa kwenda bungeni. Akaenda kwa Coleman Smoot, mkulima mwenye uwezo, akamkopa dola 200. Kati ya hizo, dola 60 zilinunua suti, ya kwanza ya maana maishani mwake. Naam, hata kiti cha ubunge alikikalia kwa mkopo.

Makao makuu ya jimbo yalikuwa Vandalia. Muhula wa kwanza alikaa kimya zaidi, akijifunza, akiongozwa na John Todd Stuart, mwanasheria wa Springfield aliyemkopesha vitabu vya sheria. Septemba 1836 akapata leseni ya uwakili. Mwaka huohuo alichaguliwa tena, na safari hii aliongoza wote katika kaunti. Sangamon ilikuwa na wabunge saba na maseneta wawili, na wote tisa walikuwa na urefu wa futi 6 hivi au zaidi, watu wakawaita Tisa Warefu. Walikwenda Vandalia na lengo moja, kuhamisha makao makuu yaje Springfield.

Hapa ndipo ninapowaomba mkumbuke dola 290,000 za mwaka 1832. Februari 1837 bunge la Illinois lilipitisha mpango wa maendeleo wa takriban dola milioni 10: reli kutoka Cairo kusini hadi Galena kaskazini iliyotengewa dola milioni 3.5, reli nyingine za kukatiza jimbo, kusafisha mito, barabara. Kaunti zilizokosa reli na mfereji ziligawiwa dola 200,000 ili wabunge wao wasinune. Wakazi wa jimbo zima mwaka 1830 walikuwa watu 157,445, na ingawa idadi ilikuwa inapanda kwa kasi, wengi walikuwa wakulima wasio na fedha taslimu. Mpango ungelipiwa kwa kuuza hati fungani kwa matajiri wa mashariki na wa Ulaya. Ukaguzi wa njia haukuwa umefanyika, na wahandisi hawakuwepo. Lincoln aliunga mkono kwa moyo wote. Kijana aliyeogopa dola 290,000 alikuwa sasa anapigia kura milioni 10.

Siku moja baada ya mpango huo kuwa sheria, bunge lilipiga kura na Springfield ikashinda. Wapinzani walisema Tisa Warefu walibadilishana kura, mnipe makao makuu niwape reli. Wanahistoria bado wanabishana kiasi cha biashara iliyofanyika. Mimi nasema hivi: hata bila mapatano ya siri, Lincoln aliamini mpango ule. Aliamini kama alivyoamini duka la Radford. Bidhaa ipo, wateja watakuja, hati italipwa na faida. Wananchi wa Springfield walitakiwa kuchangia dola 50,000 za ujenzi wa bunge jipya, na fungu la mwisho lilipokosekana, watu 101 waliweka saini hati ya deni ya dola 16,666 na senti 67 mwaka 1838. Saini ya Lincoln imo.

Kuna jambo jingine alilofanya katika kikao hicho, na si haki kulipita. Januari 1837 bunge lilipitisha maazimio ya kuwalaani wanaharakati waliotaka utumwa ufutwe. Katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 77 kwa 6. Lincoln alikuwa mmoja wa wale sita. Tarehe 3 Machi, yeye na Dan Stone waliingiza katika kumbukumbu za bunge pingamizi lao, wakisema utumwa umejengwa juu ya dhuluma na sera mbaya. Katika sentensi hiyohiyo waliongeza kwamba harakati za kuufuta zinazidisha madhara yake. Mnaosikiliza mnaweza kuona ni maneno ya mtu mwoga. Nami naona uangalifu wa mwanasiasa, tena alisubiri kura ya Springfield ipite kwanza ndipo akaandika. Pia mwaka 1836 alikuwa ametangaza hadharani kwamba anataka haki ya kura kwa Wazungu wanaolipa kodi au kubeba silaha. Waafrika hakuwataja, na Illinois ilikuwa na sheria za kuwabana watu weusi huru. Hayo ni ya kweli. Na ni kweli pia kwamba wabunge 77 walisimama upande mmoja, na yeye, mwenye miaka 28, mwenye madeni, anayehitaji kila kura, akasimama upande mwingine na kuacha jina lake kwenye karatasi.

Aprili 1837 alihamia Springfield kwa farasi wa kuazima. Aliingia katika duka la Joshua Speed kuuliza bei ya godoro, mashuka na mto. Zikafika dola 17. Akasema bei ni nafuu lakini hana fedha, akaomba akopeshwe mpaka Krismasi, kama jaribio la uwakili likifanikiwa. Speed alimwonea huruma, akamwambia alale naye chumba cha juu. Lincoln alipandisha mikoba yake, akashuka, akasema amehamia.

Mwezi uliofuata benki za Marekani zilisimamisha kubadilisha noti kwa sarafu za fedha na dhahabu, na mdororo wa 1837 ukaanza. Hati fungani za Illinois zikakosa bei. Mabepari wa kweli wangefunga hesabu palepale. Bunge liliendelea miaka mingine miwili, na Lincoln alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kuendelea, akisema tumeshaingia mno kurudi nyuma. Nadhani hili ndilo kosa lake kubwa zaidi katika miaka yote ya bunge la jimbo. Reli ya Northern Cross peke yake ndiyo iliyofika mahali, ikaingia Springfield mwaka 1842, na mwaka 1847 jimbo likaiuza mnadani kwa dola 21,100.

Januari 1839 alileta bungeni wazo ambalo, kwangu, ni sauti ya muuza duka waziwazi. Illinois inunue kutoka serikali kuu ardhi yote ya umma isiyouzwa ndani ya jimbo, ekari kama milioni 20, kwa senti 25 kila ekari, kisha iiuze kwa wakulima kwa dola 1 na senti 25. Kununua jumla, kuuza rejareja, faida ilipe reli. Baraza lilikubali, Washington haikujali.

Desemba 1840, alipokuwa akiitetea benki ya jimbo ambayo uhai wake ulitegemea kikao kisifungwe, aliruka dirishani pamoja na wenzake wawili ili idadi ya wabunge inayotakiwa kufunga kikao isitimie. Idadi ilikuwa imeshatimia. Kikao kikafungwa na wapinzani wake wakamdhihaki kwa muda mrefu. Katika uchaguzi wa mwaka huo alikuwa amepita akiwa wa mwisho kati ya waliochaguliwa. Hakugombea tena ubunge wa jimbo baada ya muhula huo.

Jimbo lilipofikia kushindwa kulipa riba, mwanzoni mwa miaka ya 1840, wapo waliosema deni likataliwe: waliokopesha ni matajiri wa mbali, na mkulima wa Illinois hajui hata sura zao. Majimbo mengine yalifanya hivyo. Lincoln hakuwa upande huo. Mapema, mwaka 1839, alikuwa ameunga mkono kodi mpya ya ardhi inayopanda kwa thamani, akimwandikia mpiga kura mmoja kwamba itawaangukia zaidi wachache wenye mali. Mbunge kupandisha kodi wakati wa dhiki si jambo dogo, na aliyajua maumivu ya wadaiwa kuliko wabunge wengi, lakini kwake dawa ya deni ilikuwa kulipa, liwe la duka au la jimbo.

Wakili mwenzake, William Herndon, aliandika kwamba Lincoln mwenyewe alimweleza jinsi alivyokuwa bado, hata mwaka 1848, akituma fedha nyumbani kutoka mshahara wake wa ubunge wa taifa kule Washington kupunguza madeni ya New Salem. Kijiji chenyewe hakikuwepo tena. Posta ilikuwa imehamia Petersburg, mji ambao Lincoln aliupima kwa mnyororo wake mwaka 1836, na watu waliifuata, wengine wakibeba hadi magogo ya nyumba zao.

Na mwaka huohuo wa 1848 wapiga kura wa Illinois walikubali katiba mpya. Ndani yake walijitoza kodi ya senti 20 kwa kila dola 100 za mali, mahsusi kwa kulipa lile deni la 1837, na wakaweka kikomo: bunge lisikope zaidi ya dola 50,000 kwa matumizi ya kawaida bila idhini ya wananchi wenyewe.

Naona mikono imeshanyooshwa. Ndugu mwenyekiti, naomba tuanze maswali na wale wanaouza kwa daftari.